Chombo Gani cha Sauti Kinafaa Nyumbani?



Zaidi ya familia moja hapa Mayfair na Fordsburg imeniuliza inunue chombo gani badala ya redio kaseti iliyochoka. Madukani vimejaa vya kila namna, na mwuzaji aghalabu husifu kile kinachovuta sauti papo kwa papo kutoka kwenye intaneti. Ni kizuri, sikatai. Anayetaka kaswida mpya au redio ya nyumbani huzipata kwa kugusa kioo tu. Lakini swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji si hilo. Mwulizeni: je, kitapiga sauti tulizo nazo wenyewe, bila intaneti na bila kujiandikisha popote?

Baadhi ya taarabu ya Siti binti Saad, ambaye alianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, inapatikana mtandaoni. Lakini kanda ya harusi ya dada yako, maulidi ya mtaani kwenu, au ile barua ya sauti ambayo bibi aliileta kwa mkono wa msafiri, haimo katika ghala la kampuni yoyote. Imo kabatini mwako tu. Na utepe huzeeka hata usipoguswa. Ukiharibika, mjukuu aliyezaliwa hapa hataisikia kamwe sauti ya bibi yake.

Tena kinachovutwa mtandaoni si mali yako hata ukikihifadhi. Spotify, iliyofika Afrika Kusini mwaka 2018, humruhusu mwenye kulipa ada kupakua nyimbo, ila ni lazima aunganishe chombo na intaneti angalau mara moja kila siku 30. Akiacha kulipa, nyimbo alizopakua hazipigi. Na bando je? Saa moja kwa siku, kwa ubora wa kilobiti 160, hula zaidi ya gigabaiti 2 kwa mwezi. Wala hatujasahau mgao wa umeme wa mwaka 2023, ambapo intaneti ya nyumbani ilizimika pamoja na taa.

Kwa hiyo nendeni dukani na flashi yenu mfukoni, ndani yake mkiwa mmeweka faili za MP3 na za FLAC. MP3 hubana sauti na kupunguza kitu kidogo; FLAC haipunguzi chochote, ila hutaka nafasi kubwa zaidi. Kwa mawaidha na usomaji wa Kurani, MP3 ya kilobiti 128 yatosha kabisa: kadi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya saa 1,000. Ichomekeni flashi mbele ya mwuzaji. Isiposomeka, ondokeni. Tazameni pia kama kuna tundu la waya wa kuunganisha spika mlizo nazo. Jina la kampuni lisiwababaishe. iPod ilitamba tangu mwaka 2001, na Apple ikatangaza mwisho wake Mei 2022, hali faili za MP3 zilizokuwamo hupigwa hadi leo na vyombo vya wengine. Asiye na fedha achukue simu ya zamani isiyo na laini, aiunganishe na spika kwa waya. Hiyo nayo ni chombo kamili.

Kabla ya kununua chochote, hamisheni kanda. Deki nzima, waya kutoka tundu lake la sauti hadi kwenye kompyuta, na programu ya bure iitwayo Audacity. Kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90, hapana njia ya mkato. Wekeni nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Faili ipewe jina la msemaji, mahali na mwaka, na wazee waulizwe sasa hivi ni nani anayesikika akicheka nyuma ya kaswida, maana juu ya kanda nyingi nilizoletewa pameandikwa neno moja tu: “Nyumbani”.