Fedha ya Kodi Isilale Pamoja na Fedha ya Unga

Mwisho wa mwezi askari hupokea mshahara ambao mhasibu amekwisha kuushughulikia. Kilichopasa kukatwa kimekatwa, na kilichobaki ni halali ya nyumba. Mazoea hayo ni mema, lakini huweza kumponza mke wa askari aanzapo shughuli yake mwenyewe. Fedha za wateja humfikia nzima nzima, wala hakuna aliyeondoa fungu la serikali ndani yake. Asipoliondoa yeye, atalila bila kujua, na siku ya hesabu atakuta deni mlangoni.

Mfano ulio wazi wapatikana Marekani. Katika kambi za jeshi za nchi hiyo, wako wake wa askari wanaolea watoto wa askari wengine mchana, nyumbani mwao. Shughuli hiyo imo katika mpango wa jeshi lenyewe, ulioimarishwa na sheria ya malezi ya watoto wa wanajeshi ya mwaka 1989. Mlezi hupewa cheti na nyumba yake hukaguliwa. Hata hivyo, yeye si mwajiriwa wa jeshi. Mbele ya mtoza kodi ni mtu ajitegemeaye katika biashara yake.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mwajiriwa huchangia asilimia 7.65 ya ujira wake kwa ajili ya pensheni ya taifa na matibabu ya uzeeni, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mlezi hana mwajiri. Hubeba mafungu yote mawili, yaani asilimia 15.3, inayohesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida yake. Mchango huo humpasa mara faida ya mwaka, kwa kipimo hicho cha asilimia 92.35, ifikapo dola 400, hata kama hadaiwi kodi ya mapato. Kodi ya mapato yenyewe huja juu yake.

Tuseme mama mmoja hupokea dola 2,000 kwa mwezi kutoka kwa wazazi, na gharama za kazi, yaani chakula, sabuni, vitu vya kuchezea na sehemu ya matumizi ya nyumba, ni dola 600. Faida ni dola 1,400. Mchango wake ni kama dola 198. Ikiwa mapato ya mume na mke kwa pamoja yamo katika daraja la asilimia 12, kodi ya mapato juu ya faida hiyo ni kama dola 156, kwa kuwa nusu ya mchango hutolewa kwanza. Jumla ni dola 354, karibu robo ya faida. Zipo nafuu nyingine za sheria, lakini mwenye busara huweka robo hiyo kamili. Aishiye katika jimbo lenye kodi yake, kama North Carolina, huongeza kidogo. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi.

Robo hiyo haina budi kutengwa siku ile ile fedha inapopokewa, ikawekwa katika akaunti ya peke yake. Fedha iliyolala pamoja na fedha ya unga huamka imekuwa unga.

Serikali ya huko haingoji mwisho wa mwaka. Atarajiaye kudaiwa dola 1,000 au zaidi, baada ya kuhesabu kodi iliyokwisha kukatwa, hulipa kwa makadirio mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Wengi hunaswa na awamu ya pili, kwa sababu kati ya Aprili na Juni ni miezi miwili tu. Anayechelewa huongezewa adhabu.

Iko njia nyingine ifaayo nyumba ya askari. Mume aweza kujaza upya fomu W-4 na kuomba akatwe kodi zaidi katika mshahara wake, ili ifunike deni la mkewe. Njia hiyo yataka mashauriano ya kweli, maana mume na mke waliojaza taarifa moja ya kodi hudaiwa wote wawili. Mke akificha hesabu, mume naye atafikiwa na deni.

Daftari nalo lina faida yake. Mlezi mwenye cheti huruhusiwa kutoa sehemu ya gharama za nyumba alizolipa mwenyewe, kwa kipimo cha nafasi na saa. Mwaka una saa 8,760. Akitumia robo tatu za nyumba kwa saa 2,628, pamoja na saa za kuandaa na kusafisha, hiyo ni asilimia 30 ya saa zote. Robo tatu yake ni asilimia 22.5. Bili ya umeme ya dola 200 humpatia punguzo la dola 45. Asiyeandika saa zake wala kutunza stakabadhi hulipia kodi fedha ambayo haikuwa faida.

Yako mafunzo hapa kwa kambi za Afrika Mashariki pia. Nchini Uganda, sheria ya kodi ya mapato imeusamehe mshahara wa kazi wa askari wa jeshi, polisi na magereza. Msamaha huo ni wa mshahara wa askari. Hauifuniki biashara ya mkewe, iwe ni kulea watoto, kushona au kupika maandazi. Mama aanzaye shughuli na aulize mapema katika ofisi ya kodi iliyo karibu anapaswa kulipa nini na lini, afungue daftari, kisha atenge fungu lake kila apokeapo. Atakayefanya hivyo ataipokea barua ya mtoza kodi kama apokeavyo barua nyingine yoyote: ataisoma, atalipa, na jioni watoto watakula kama kawaida.