Chuma Cheusi Si Chuma Baridi: Kwa Nini Kijana wa Kigali Ajifunze Uhunzi



Lugha yetu ina kitenzi kifupi chenye kazi nyingi: kufua. Tunafua nguo, tunafua nazi, na mhunzi hufua chuma. Anayeshindwa na jambo husemwa kuwa hafui dafu. Katika matumizi yote haya mna mkono unaotia nguvu mpaka kitu kibadilike. Kinyarwanda nacho kina gucura, yaani kufua chuma. Mwenye kazi hiyo ni umucuzi, na mahali pake pa kazi ni uruganda. Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa leo uruganda ni kiwanda chochote, kiwe cha sabuni, cha saruji au cha maziwa. Lugha imehifadhi jambo ambalo mji umelisahau: kiwanda cha kwanza cha nchi hii kilikuwa banda la mhunzi.

Nasema mapema ninachokiamini. Kijana wa Kigali anayesoma uhasibu, sheria au kompyuta angefanya vyema kutenga saa chache za mapumziko yake ajifunze misingi ya uhunzi. Simshauri aache masomo, wala simwahidi kwamba atapata riziki humo. Namshauri ajifunze kama wengine wanavyojifunza gitaa au kuogelea, kwa raha yake, na kwa faida ya uraia ambayo raha nyingine haziitoi kwa urahisi.

Wapo watakaocheka. Watasema kwamba wazazi hawalipi karo ili mtoto arudi kwenye masizi. Kicheko hicho hakina mizizi katika historia ya nchi hii. Simulizi za kale humtaja Gihanga kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Rwanda, na zinamhusisha na kazi ya chuma. Kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18, lilipofukuliwa na wanaakiolojia huko Gaseke mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa karibu na kichwa chake. Watu waliomzika mfalme pamoja na nyundo hawakuiona kazi ya mhunzi kuwa ya aibu. Nalo jembe, isuka, halikuwa chombo cha shamba tu. Lilitolewa kuwa mahari, na hata leo hutajwa katika sherehe za posa. Dharau yetu ni ngeni. Ilikuja pamoja na ofisi, na imekaa mpaka tukadhani ni ya asili.

Kwa nini jambo hili liwe la uraia? Fikirini Umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi maelfu ya wakazi hutoka na majembe, mapanga na masururu. Wangapi kati yao wanajua jembe lilivyofanywa kuwa jembe? Waswahili husema, vyaelea vimeundwa. Mtu asiyejua uundaji huona bei tu, na anayeona bei tu huwa mwepesi kumpunja fundi. Aliyewahi kushinda asubuhi nzima akitengeneza kulabu moja iliyopinda hatabishania malipo ya mchomeleaji wa Gisozi kwa kiburi kilekile. Sheria inaweza kuamuru mfanyakazi alipwe. Heshima kwa kazi yake haiamriwi, hujifunzwa mwilini.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa maana hoja isiyo na makaa haiwashi moto. Mwanafunzi wa uhunzi anahitaji vitu vichache: tanuri dogo, kipulizio cha kupeleka hewa, nyundo ya uzito wa kilo moja hivi, koleo, ndoo ya maji na fuawe. Zamani hewa ilitoka kwenye mvukuto wa ngozi kupitia bomba la udongo. Leo feni ndogo inatosha. Fuawe ni kile kitu kizito ambacho chuma hulazwa juu yake na kupigwa. Ikikosekana, kipande kinene cha chuma kilichokazwa juu ya gogo hufaa, na wahunzi wengi wa Afrika Mashariki walitumia jiwe gumu kwa karne nyingi.

Somo la kwanza ni rangi. Chuma kikipata joto huanza kuwa chekundu hafifu, kisha chekundu cha kung'aa, kisha rangi ya chungwa, kisha njano. Chuma laini cha ujenzi hufuliwa vizuri kati ya nyuzi 800 na 1,200 hivi za Selisiasi. Ukikipiga kikiwa kimepoa, kinaweza kupasuka. Ukikiacha mno motoni, kinatoa cheche na kuungua kama kuni. Mhunzi hana muda mrefu wa kuwaza kati ya tanuri na fuawe. Humlazimu ajue atapiga wapi kabla hajakitoa chuma motoni. Hapo mwanafunzi hufunzwa subira na uamuzi kwa pamoja.

Somo la pili ni mapigo ya msingi: kurefusha, kunenepesha, kupinda, kusokota, kutoboa na kukata. Anayeyajua haya sita anaweza kutengeneza msumari, kulabu, kitasa cha sanduku, hata patasi. Kwa vifaa vya makali hutafutwa chuma kigumu zaidi, mathalani springi kuukuu ya gari. Hicho hupashwa moto mpaka sumaku isikinase tena, kisha huchovywa katika mafuta, halafu hupashwa tena kwa moto mdogo ili ugumu wake usiwe wa kuvunjika kama kioo.

Somo la tatu ni usalama, na humo mna kanuni niliyoifanya kichwa cha makala: chuma cheusi si chuma baridi. Kipande kilichopoteza wekundu kinaweza bado kuwa na joto la kuunguza nyama hadi mfupani. Miwani ya kukinga macho, nguo za pamba badala ya nailoni na viatu vilivyofunikwa si mapambo. Bati na bomba zilizopakwa zinki zisitiwe motoni kamwe, maana moshi wa zinki humletea mtu homa na tabu ya kupumua.

Zipo pingamizi tatu nzito kuliko kicheko, nazo zinastahili majibu. Ya kwanza ni mazingira. Makaa hutokana na miti, na Kigali ni mji wa vilima vilivyojaa majirani. Ni kweli. Kwa sababu hiyo sipendekezi tanuri katika kila ua. Napendekeza vijana kumi watumie tanuri moja, ikiwezekana la gesi, mahali panaporuhusiwa kazi za chuma, na saa ambazo nyundo haimwamshi mtoto wa jirani.

Ya pili ni malighafi. Chuma chakavu ni rahisi kupatikana, na si chote kilichopatikana kwa haki. Vyuma vya kingo za barabara, vifuniko vya mitaro na sehemu za nguzo za umeme ni mali ya umma. Anayevinunua bila kuuliza vimetoka wapi anashiriki katika wizi unaomwachia mwenzake shimo njiani au nyumba yenye giza. Mpenda uhunzi awe wa kwanza kuuliza swali hilo.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Je, si dhihaka kwa mwenye mshahara kucheza kazi ambayo mwingine anaitegemea kwa mlo? Huweza kuwa dhihaka, endapo tutaifanya kuwa mchezo wa kupigia picha. Lakini wahunzi waliosalia wana bidhaa ambayo jembe la bei nafuu kutoka ng'ambo haliwezi kushindana nayo, nayo ni maarifa yao. Mwendeeni mhunzi kama mnavyomwendea mwalimu. Mlipeni ada ya mafunzo, mkiipanga kabla ya kuanza. Msiuze kulabu zenu chini ya bei yake. Kwa njia hiyo raha yenu itakuwa pato lake, na mjukuu wake aliyekuwa akiikimbia nyundo ataona kwamba babu anatafutwa na wasomi.

Tusidhani kwamba muda upo tele. Ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, mkoani Kagera, Tanzania, Wahaya waliyeyusha chuma kwa matanuri ambayo wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliyaeleza katika jarida la Science mwaka 1978. Kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo kadhaa, na wazee waliijenga upya kwa kumbukumbu zao. Bahati ni kwamba waliulizwa wakiwa hai. Hapa Rwanda, Makumbusho ya Ethnografia ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, yanatuhifadhia vifaa vya kale, na inafaa sana kuyatembelea. Hata hivyo, kabati la kioo huhifadhi nyundo. Namna ya kuishika huhifadhiwa na mkono wa mtu, na mkono huo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya somo lijalo, nawaomba mfanye mambo mawili. Kwanza, muulizeni mzee mmoja wa familia au wa mtaa jembe la ujanani mwake lilitoka kwa nani, na mwandike jibu lake katika aya moja ya Kiswahili, mkitumia angalau maneno haya: fuawe, mvukuto, koleo na kufua. Pili, mjadiliane darasani: je, mji unaopiga marufuku kelele zote za kazi unabaki na mafundi wa aina gani? Nitafurahi kuwasoma, hasa wale wasiokubaliana nami.