Shampeni ina majirani zake, uza hao

Wadau wa vinywaji mnaouza kwa Insta na Wasap, leo naongea na nyie. Wa nguo na vipodozi mkitaka piteni tu, ila mkikaa na nyie mtaokota kitu.

Msimamo wangu ni huu: sisi wa mtaji mdogo hatuna sababu ya kung'ang'ania majina makubwa ya mvinyo wa Ulaya. Champagne, Bordeaux, Chablis, Barolo, hayo tuwaachie wenye maduka makubwa na supamaketi. Wao wanashusha kontena, wewe unachukua katoni moja kwa muagizaji na nusu yake umekopa. Ukiposti chupa ileile waliyonayo wao, mteja analinganisha bei palepale kitandani kwake na umeshapoteza. Pesa yetu iko kwenye maeneo yaliyo jirani na hayo majina, ambako mvinyo ni mzuri ila jina halijapanda bei.

Chukua shampeni. Champagne ni eneo, liko kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na sheria za Ulaya zinalinda hilo jina: kisichotoka pale hakiitwi hivyo. Yale mapovu madogo madogo yanatokana na mvinyo kuchachushwa mara ya pili humo humo ndani ya chupa. Sasa njia hiyohiyo ndiyo wanayotumia Wahispania kwenye Cava, ambayo nyingi inatoka Penedès, karibu na Barcelona. Na ndani ya Ufaransa yenyewe, nje ya Champagne, kuna kitu kinaitwa Crémant: Crémant de Loire, Crémant d'Alsace, Crémant de Limoux. Njia ni ileile.

Tofauti zipo, sitaki kudanganya. Cava ya asili ni ya zabibu nyingine, Macabeo, Xarel·lo na Parellada. Hali ya hewa ni nyingine. Shampeni ya kawaida lazima ikae angalau miezi 15 tangu iingizwe kwenye chupa, wakati Cava na Crémant za kawaida zinakaa na chachu yake angalau miezi 9. Lakini me naona tofauti ya bei ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti ya mdomoni. Mtu anayetaka chupa kumi na mbili za kugonganisha glasi kwenye sendofu ya dada yake, ukimpa Cava nzuri ya baridi umemsaidia yeye na umejisaidia wewe.

Ila usimwambie ni shampeni! Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Unaona mtu kaposti Cava, kaandika "shampeni original, bei chee". Mwingine ana Prosecco anaiita "shampeni ya Italia", wakati Prosecco inachachushwa mara ya pili kwenye tangi kubwa, sio kwenye chupa, na ndio maana ni nyepesi na ina ladha ya matunda zaidi. Sio mvinyo mbaya hata kidogo, ni kitu kingine tu. Mteja wa siku hizi anapiga picha lebo, anaisaka, dakika mbili kashajua. Sisi hatuna mlango wala kioo cha duka, duka letu ni lile neno tuliloandika chini ya picha. Likishakuwa la uongo mara moja, huyo mteja harudi, na kwenye magrupu ya Wasap anakusema bila hata kukutaja vibaya, anasema tu "pale angalieni".

Kinachoua biashara ya mvinyo mtandaoni zaidi ya yote, kwa ninavyoona, ni utamu. Mteja anaandika "nataka ya sweet", muuzaji anasoma chupa inasema Extra Dry au Brut, hajui, anatuma. Chupa inarudi na bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Kwa mvinyo wa mapovu wa Ulaya maneno haya yana kipimo cha kisheria cha sukari, hayaandikwi kwa kujisikia. Brut ni chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry ni kati ya 12 na 17, yaani pamoja na jina lake ni tamu kidogo kuliko Brut. Dry, au Sec, ni 17 mpaka 32. Demi-Sec ni 32 mpaka 50. Doux inazidi hapo. Soda ya kola ya kawaida ina karibu gramu 100 kwa lita, sasa fikiria mtu ulimi wake umezoea soda halafu unampa Brut. Atakwambia imechacha. Haijachacha, umemkosea chupa. Huyo ni wa Demi-Sec, na Cava za Demi-Sec (kwa Kihispania wanaandika Semi-Seco) zipo.

Kwa mvinyo usio na mapovu, jifunze maneno manne ya kavu: Sec ni Kifaransa, Secco Kiitaliano, Seco ni Kireno na Kihispania, Trocken Kijerumani. Ukiona Doux, Dolce, Dulce, Doce, au Süß, hiyo ni tamu. Katikati kuna Demi-Sec, Moelleux, Amabile, Lieblich. Hivi ukiviandika kwenye noti ya simu yako ndani ya robo saa umeshawapita wauzaji wengi mjini.

Halafu kuna wenzetu wanasema "Wabongo wanapenda tamu tu, hizo kavu zitadoda". Nusu ni kweli. Mpenda tamu mpe tamu, usimfundishe ustaarabu. Kuna Moscato d'Asti ya Piemonte, Italia, ina kilevi kama asilimia 5 tu, wadada wengi wakishaionja hawaiachi. Kuna Riesling za Ujerumani zilizoandikwa Kabinett au Spätlese bila neno Trocken, nyingi zina utamu na ukali kama wa ndimu kwa pamoja. Lakini kuna kundi kubwa limechoka tamu na halijui liende wapi, na hilo ndilo linalolipa vizuri. Usiwarushe moja kwa moja kwenye Bordeaux inayokwaruza ulimi kama chai iliyoungua. Wape Garnacha ya Calatayud au Campo de Borja, kule Aragón, Hispania. Ni kavu, ila zabibu zinaiva sana juani, kwa hiyo inanukia matunda na inateleza. Au Primitivo ya Puglia, kusini mwa Italia, ambayo ni zabibu ileile Wamarekani wanaiita Zinfandel. Kwa nyama choma hizo mbili hazina mjadala.

Mimi mwenyewe nchi ninayoipenda zaidi kwa bei na ubora ni Ureno, na sijui kwa nini haisemwi. Labda kwa sababu majina ya zabibu zao hayatamkiki. Bonde la Douro liliwekewa mipaka rasmi tangu 1756 kwa ajili ya mvinyo wa Port, ule mtamu mzito. Leo mashamba yaleyale, kwa zabibu zilezile za Touriga Nacional na wenzake, yanatoa mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida, na unalipia kidogo kwa sababu umaarufu wote kauchukua Port. Kaskazini magharibi yake kuna Vinho Verde. Verde ni kijani, ila hapa maana yake ni mchanga, wa kunywewa mapema, na nyingi ni nyeupe. Kilevi chake mara nyingi kiko chini, na nyingi zina kachembe ka mapovu. Kwa joto la Dar au Mombasa, na kamba wa kukaanga waliokamuliwa ndimu, sijaona chupa ya bei ile inayoifikia.

Kusini mwa Ufaransa kuna Languedoc, tafuta Corbières, Minervois, na ile nyeupe ya Picpoul de Pinet inayolimwa karibu na maji wanapofuga chaza. Na ukikutana na Moldova usikimbie. Hawa Urusi iliwafungia soko 2006 na tena 2013, wakalazimika kupandisha ubora wauze kwingine. Ghala lao la Mileștii Mici liliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa kuwa na hifadhi kubwa kuliko zote ya chupa za mvinyo. Stori kama hiyo ni posti tayari.

Sasa hesabu. Hapa Tanzania ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa nje unatozwa kwa lita. Chupa, kizibo, lebo, meli, na gharama za kutoa mzigo bandarini pia havijali sana ndani kuna nini. Tuseme, kwa namba za mfano tu, hivyo vyote vinakula 14,000 kwa kila chupa. Chupa ya 20,000 inabaki na 6,000 ya mvinyo wenyewe pamoja na faida za watu njiani. Chupa ya 28,000 inabaki na 14,000. Bei imepanda kwa 8,000, ila kilichobaki kwa ajili ya mvinyo kimezidi mara mbili. Kodi za asilimia zitapunguza kidogo hiyo picha, ila haibadiliki. Ndio maana sipendi kuuza ile ya chini kabisa. Ukimweleza mteja hivi kwa sentensi mbili anaongeza hiyo hela mwenyewe.

Na ile ya chini kabisa mara nyingi ina lebo ya ngome na farasi, maneno ya Kifaransa kila kona, halafu kwa maandishi ya mdudu nyuma imeandikwa ni mchanganyiko wa mvinyo wa nchi mbalimbali za Umoja wa Ulaya. Ni halali kabisa. Ila sio mvinyo wa Ufaransa, na wewe usiuandike hivyo. "Mis en bouteille" inakwambia wapi chupa imejazwa, haikwambii zabibu zimetoka wapi. Tafuta AOP au AOC kwa Ufaransa, DOC na DOCG kwa Italia, DO kwa Hispania, DOC kwa Ureno. Na neno Reserva: kwenye Rioja lina sheria, mwekundu wake umekaa miaka 3, angalau mmoja kwenye pipa. Kwenye chupa nyingi za Ufaransa Réserve ni pambo tu.

Angalia mwaka pia. Muagizaji akikupa punguzo nono kwenye Vinho Verde nyeupe ya miaka minne nyuma, anakupa tatizo lake. Na hata mvinyo mzuri ukilala kwenye chumba cha bati joto la saa nane mchana unakufa; weka chini, gizani, mbali na friji inayotoa moto kwa nyuma. Stempu ya kielektroniki ya TRA iwepo kwenye kila chupa, leseni ya vileo iwe yako sio ya shemeji, na aliye chini ya miaka 18 hata akituma hela kwanza, irudishe.

Kuhusu kuanza: usinunue katoni ya aina moja. Ongea na muagizaji akuchanganyie chupa sita, aina tatu, mbili mbili. Wengi wanakubali ukiwaambia utarudi. Moja ya kila aina ifungue, onja, piga picha glasi ikiwa na chakula cha kwetu, andika kwa maneno yako. Mfano wa posti yangu moja iliyouza: "Cava Brut, Hispania. Imetengenezwa kwa njia ya shampeni ila sio shampeni. HAINA SUKARI YA KUSIKIKA, kama unapenda tamu niulize nikupe nyingine. Weka kwenye barafu saa moja. Nzuri na sambusa." Lile neno "niulize" lililete DM nyingi kuliko picha, na nusu ya walioniuliza walinunua ile Demi-Sec.