Siku ya posho, na posho ya akili

Hapa Katanga, ile siku inayotangulia siku ya Mungu tunaiita siku ya posho. Vijana wengi wanalitamka jina hilo kila juma bila kujua limetoka wapi. Limetoka ku kompani. Wakati wa Union Minière, siku hiyo mfanyakazi alipokea chakula cha juma kwa ajili yake, bibi yake na watoto wake. Posho ilikwisha zamani, jina likabaki. Sisi wazazi Wakristo wa Kambove tunaomba siku hii ipewe kazi mpya: iwe siku ya mzazi kutoka na watoto wake, kutembea nao, kuwaonyesha inchi yao na kuwafundisha. Hatusemi tuwatoe watoto ku masomo. Tunasema masomo peke yake hayatoshi, na kazi ambayo Mungu alimpa mzazi, hakuna direkta wala mwalimu anayeweza kuifanya kwa nafasi yake.

Tuangalie kwanza tulikotoka, juu ugonjwa wetu una historia. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika hapa Kambove. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kompani iliona kwamba mfanyakazi aliye na bibi na watoto karibu anakaa muda mrefu kuliko yule anayekuja peke yake na kurudi kwao. Basi ikajenga makambi kwa ajili ya jamaa nzima, ikagawa posho, ikaweka dispansari, ikawapa wamisionari kazi ya kufundisha watoto. Mwaka 1967 jina la Union Minière liliondoka, Gécamines ikaja, lakini desturi haikubadilika. Wazee wetu walisema: "Kompani njo baba, kompani njo mama." Walisema kweli. Baba wa nyumbani alishuka ku mine, mama alilima na kupika, na elimu ya mtoto ilikuwa jambo la wengine.

Halafu yule baba mkubwa akaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa "départ volontaire", wakiwa na makuta kidogo mkononi. Kwa upande wa masomo ilikuwa vilevile: mwaka 1974 Serikali ilinyang'anya makanisa masomo yao, mwaka 1977 ikayarudishia kuyaongoza. Miaka yote hiyo kompani, misheni na Serikali walipokezana watoto wetu. Sisi wazazi tulibaki tunatazama.

Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza neno la Katiba kwamba masomo ya primaire ya Serikali ni bure. Tunashukuru. Watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa minervale waliingia darasani. Lakini kila mtu anajua kilichofuata: madarasa yalijaa, watoto wanabanana ku banki moja, mwalimu mmoja hawezi kusahihisha makaye yote, na walimu wakigoma juu ya mshahara, mtoto anarudi nyumbani saa tatu ya asubuhi. Hatuwalaumu walimu. Tunauliza tu: mtoto akirudi saa tatu, anakuta nani wa kumfundisha?

Hapa Kambove jibu linajulikana. Anakuta mawe. Mtoto asiyetembezwa na mzazi wake, anatembezwa na mgodi. Siku ya posho na wakati wa vakansi tunawaona watoto wa miaka kumi wakiokota na kuosha mawe, wamebeba mifuko mizito kuliko wao. Nao wanajifunza, tusidanganyane! Wanajifunza kwamba jiwe ni makuta ya leo, kwamba kaye ni kupoteza wakati, kwamba mkubwa ndiye anayepima na mdogo ndiye anayebeba. Ile nayo ni elimu. Mwalimu wake njo njaa.

Biblia ilikwisha kutuonya. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamwagiza mzazi kuwafundisha watoto wake akiwa ameketi nyumbani na akiwa anatembea njiani. Tuangalie vizuri: nyumba na njia, vyote viwili. Bwana wetu Yesu mwenyewe, kwa habari ya Luka sura ya 2, alikuwa na miaka 12 alipopanda Yerusalemu pamoja na wazazi wake kwa sikukuu, na huko akakutwa katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Ile ilikuwa safari ya jamaa iliyozaa maulizo. Na Mezali sura ya 6 inamtuma mvivu aende kumtazama chungu. Haimwambii asome juu ya chungu. Inamwambia aende kwake.

Sisi tutakwenda wapi? Tuanze na kile kisicholipisha kitu: kichuguu. Kuzunguka Kambove viko vichuguu vinavyopita nyumba kwa urefu. Wanasayansi waliopima vichuguu karibu na Lubumbashi walikuta vingine vina mamia ya miaka. Mzazi amsimamishe mtoto hapo, wapime pamoja kwa kamba, wahesabu hatua za kukizunguka. Amweleze kwamba matofali ya nyumba nyingi za Katanga yametoka ku udongo huu. Mchwa wa hapa wanalima: ndani ya kichuguu wanaotesha uyoga kwa ajili ya chakula chao. Mvua ikinyesha, uyoga ule unatokea inje, na mmoja wao, Termitomyces titanicus, ni kati ya uyoga mkubwa kuliko wote duniani wanaoliwa na watu. Hapo mama ambaye hakumaliza hata primaire anakuwa profesa. Yeye anajua uyoga gani unaliwa na upi unaua. Amfundishe mtoto kwa jicho, kwa pua na kwa mkono. Hesabu, sayansi na ushuhuda wa Muumba viko mahali pamoja, na haujatoka hata franka moja.

Twende pili ku kilima cha shaba. Mtoto ataona kwamba miti inakoma ghafula, majani mafupi tu ndiyo yanabaki, pamoja na maua madogo ya rangi ya zambarau. Amuulize mzazi: juu ya nini miti haioti hapa? Jibu liko chini ya miguu yake: shaba nyingi ni sumu kwa mimea mingi, lakini yako machache yaliyozoea. Moja lao, Haumaniastrum katangense, limepewa jina la inchi yetu, na watafutaji wa mawe wamelifuata kama alama ya shaba. Na wakati George Grey wa Tanganyika Concessions alipofika Kambove, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuta mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na wenyeji. Mtoto wetu asikie neno hili na alishike: shaba haikuvumbuliwa na mgeni. Babu zetu waliyeyusha malakite kwa makala na mivukuto, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama makuta. Misalaba ya namna hiyo imekutwa hata katika makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Hapo mtoto Mkristo atauliza: ile misalaba ilikuwa ya Yesu? Hapana, ilikuwa ya soko. Na mazungumzo mazuri yataanzia hapo.

Soko nalo ni darasa. Mpeleke mtoto kununua unga: ahesabu meka ngapi jamaa inakula kwa juma, bei imepanda kiasi gani tangu mwezi uliopita, mfuko wa makala unagawanyika kuwa mafungu mangapi. Anayejua hesabu hiyo, muuzaji wa mawe hatamdanganya ku kilo.

Kwa wanaoweza kupanga safari mara moja kwa mwaka, wakichangia pamoja kama parokia au kanisa, iko Mulungwishi, mahali Wamethodisti walipojenga masomo mpaka leo kuna université. Iko pia Mwadingusha, ku mto Lufira, ambako tangu mwaka 1930 maji yanageuzwa kuwa moto wa umeme kwa ajili ya migodi. Mtoto anayekaa gizani usiku aone kwa macho yake umeme unapotoka na aulize unapokwenda. Ulizo lile lina thamani.

Lakini si kila mahali panafaa kutembelewa. Shinkolobwe iko mu territoire yetu ya Kambove. Uraniamu yake, iliyojulikana tangu 1915, iliingia katika bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 2004 Serikali ilifunga uchimbaji wa mikono pale, na mwezi wa saba wa mwaka uleule shimo liliporomoka, watu wakafa. Mahali pale mtoto asikanyage. Ila habari yake aisikie nyumbani, baada ya bukari ya jioni, kutoka kinywa cha baba yake: namna jiwe la kwetu lilivyoua watu wa mbali ambao hatukuwajua, na namna lilivyowaua watu wetu. Mtoto asiyeijua hadithi hiyo ndiye atakayedanganyika kirahisi kwenda kuchimba usiku.

Tunajua majibu ya wenzetu. Wa kwanza anasema: "Sina muda, natafuta chakula." Lakini mama anayekwenda ku shamba na mtoto wake amekwisha kuwa njiani. Kinachokosekana ni maneno. Badala ya kutembea kimya, aulize, aeleze, ahesabu. Wa pili anasema: "Mimi sikusoma." Tumekwisha kumjibu kwa uyoga. Wa tatu anasema njia ni hatari, na huyo tunamsikiliza sana: makamyo ya mawe hayapungui mwendo, mashimo ya zamani hayana uzio, maji mengine yana bilarzia. Kwa hiyo tutembee kwa kikundi, wakubwa wawili mbele na wawili nyuma, mbali na barabara kubwa, mbali na mashimo yanayochimbwa, na mtoto asiingie majini.

Wa nne ni ndugu zetu katika imani wanaotaka kuwatoa watoto kabisa ku masomo na kuwafundishia nyumbani, sawa vile wanavyofanya Wakristo wengi kule Marekani, ambako sheria za majimbo yote zinaruhusu. Tunaielewa hofu yao ya madarasa yaliyojaa na tabia mbaya za njiani. Na kweli Katiba yetu, katika kipengele cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya kumlea na kumfundisha mtoto wake. Lakini kipengele kilekile kinasema masomo ya primaire ni ya lazima. Na kule jamaa nyingi zina vitabu, umeme, na muzazi mmoja anayekaa nyumbani mchana. Hapa kwetu, mtoto asiyepita mtihani wa Serikali mwisho wa primaire anakuta mlango wa secondaire umefungwa, na mlango wa mgodi unabaki wazi. Tuchukue roho ya wale ndugu, yaani mzazi anayefundisha, tusichukue umbo lao. Nyumba isimame kando ya masomo, isikae juu yake.

Kwa viongozi tunaomba mambo mawili. Makanisa yafungue milango siku ya posho asubuhi, yatoe chumba, ubao na mtu mmoja mwenye kujua kusoma kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wako kazini. Chumba kipo, mara nyingi kinakaa kitupu mpaka ibada ya kesho yake. Na makompani yanayochimba karibu nasi: Code minier ya mwaka 2018 inayataka kutoa angalau 0.3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Tunajua yako maulizo ya maji na ya barabara. Lakini maktaba moja ya watoto Kambove, yenye vitabu vya Kifaransa na vya Kiswahili, na uzio kuzunguka mashimo yaliyoachwa, si mzigo kwa kompani inayotoa shaba kwa matani. Wale tuliowachagua wakae nao mezani na waliombe jambo hili kwa sauti.

Hata hivyo tusiwangojee. Kungojea ndiyo desturi tuliyorithi ku makambi, na imetugharimu sana. Posho ya unga ilitoka kwa kompani, na kompani ilipoanguka, ikakatika. Posho ya akili inatoka kwa baba na mama, na hakuna bei ya shaba kule London inayoweza kuikata. Siku ya posho inayokuja, kila mzazi Mkristo wa Kambove achukue watoto wake, na wa jirani aliyefiwa pia, chupa ya maji, kaye moja na biki moja. Watembee saa mbili tu. Jioni, kila mtoto aandike alichokiona na alichouliza. Halafu waombe pamoja, walale.

Tukifanya hivyo mwaka mzima, tutaona mwishoni ni watoto wangapi wanashika kaye siku ya posho, na ni wangapi bado wanabeba mifuko ya mawe. Hesabu hiyo tuifanye sisi wenyewe.