Kabla ya kununua kompyuta ya 'i7', uliza ni ya kizazi gani

WAFANYABIASHARA wengi wadogo na vyama vya ushirika wanaotafuta kompyuta ya mezani ya kuwekea hesabu huishia kwenye maduka ya mashine zilizotumika. Humo, neno linalotajwa kwanza ni 'i7', na mara nyingi bei hupangwa kwa kulifuata neno hilo.

Lakini neno hilo peke yake halimwambii mnunuzi anapata nini. Core i7 ni jina ambalo kampuni ya Intel imelitumia tangu mwaka 2008. Mashine mbili zinaweza kuwa na nembo hiyo hiyo, huku moja ikiwa imeipita nyingine kwa zaidi ya miaka kumi.

Kosa la pili ni kupima kwa gigahezi. Gigahezi ni sawa na kuhesabu mkulima anapiga jembe mara ngapi kwa dakika. Haisemi kila pigo linageuza udongo kiasi gani.

Historia inathibitisha jambo hilo. Mwaka 2004 prosesa ya Pentium 4 ilifikia gigahezi 3.8. Julai 2006 Intel ikatoa Core 2 Duo, ambayo mojawapo, E6600, ilikuwa na gigahezi 2.4 tu. Pamoja na hayo, iliiacha Pentium 4 mbali, kwa sababu ilifanya kazi kubwa zaidi kwa kila pigo na ilikuwa na kori mbili zinazosaidiana.

Je, mnunuzi ataujuaje umri wa prosesa? Jibu liko kwenye namba inayofuata jina. Kwa Core i za kompyuta za mezani zenye namba ya tarakimu nne, kwa kawaida tarakimu ya kwanza ni kizazi: i7-2600 ni kizazi cha 2, cha mwaka 2011. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i3-12100 ni kizazi cha 12, cha mwaka 2022.

Hebu tulinganishe hizo mbili. Zote zina kori nne. Kwa jina, i7 ndiyo kubwa na i3 ndiyo ndogo. Katika vipimo vya kazi, hata hivyo, i3 hiyo ina uwezo wa zaidi ya mara mbili ya i7 ile. Aidha, kiwango chake ni wati 60, wakati ile ya zamani ni wati 95. Ndipo wahenga waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna jambo jingine lililoongeza uzito wa namba hiyo. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inakubali rasmi, kwa sehemu kubwa, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na za AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Ofisi zilizolazimika kubadilisha mashine zinaziondoa za zamani, na nyingi huishia kwenye soko la vitu vilivyotumika.

Kwa anayetumia kompyuta kwa akaunti ya benki, ritani za kodi au daftari la madeni ya wanachama, hili si dogo. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama ni kama ghala lenye kufuli bovu. Bei yake ya chini inaweza kulipwa baadaye kwa hasara kubwa zaidi.

Umeme nao una hesabu yake. Tuseme kompyuta moja inakula wati 60 na nyingine ndogo ya kisasa wati 15. Kwa saa 10 kwa siku, tofauti ni uniti 0.45. Kwa siku 26 za kazi, ni karibu uniti 12 kila mwezi. Kwa duka linalotegemea sola, tofauti hiyo huamua ukubwa wa betri ya kununua.

Hii haina maana kwamba kila mashine ya zamani ni ya kutupwa. Kuandika barua na kutunza orodha ya bidhaa hakuhitaji prosesa ya kutisha. Mara nyingi kinachochelewesha kompyuta ni diski ya zamani inayozunguka na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4. Ukiweka diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 8, mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 huamka upya. Ukiiwekea na mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na bado unapata marekebisho, inaweza kuhudumu miaka kadhaa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mtake muuzaji aiwashe kompyuta na akuonyeshe namba kamili ya prosesa, kwani nembo ya nje hubandikwa na hubanduka. Ikiwa ni kizazi cha 8 au zaidi, zungumzeni bei. Ikiwa ni chini ya hapo, bei ishuke kiasi cha kukuachia fedha za SSD na RAM. Muuzaji akikataa kuiwasha, duka la jirani liko wazi.