Umeme wa msuguano: kifaa kikimaliza kazi, kitaozea wapi?

Hapa Isongole betri ya redio haitupwi haraka. Ikichoka huanikwa juani, ikipata nguvu kidogo hurudishwa kwenye redio, na ikikataa kabisa ndipo inapotupwa. Inatupwa wapi? Shimoni nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba au kwenye mfereji unaoelekea mtoni. Sisi watu wa redio hatuwezi kujitoa katika jambo hili, maana nyingi kati ya betri hizo zimeisha mkitusikiliza sisi.

Ndiyo maana tunaifuatilia teknolojia ya umeme wa msuguano, ambayo wataalamu huiita triboelektriki, na hasa utafiti wa kuitengeneza kwa malighafi inayooza.

Inafanyaje kazi?

Asubuhi ya Julai, baridi ya Ileje ikiwa imekaza, ukivua sweta la nailoni unasikia mchakato mdogo na nywele zinasimama. Vitu viwili tofauti vikigusana na kuachana, kimoja huchukua chaji kutoka kwa kingine. Mwaka 2012 timu ya Profesa Zhong Lin Wang, katika Chuo cha Teknolojia cha Georgia nchini Marekani, ilitangaza kifaa kinachotumia jambo hilo kuzalisha umeme. Ni matabaka mawili membamba, kila moja likiwa na utando wa metali nyuma yake. Yakibanwa na kuachiwa, umeme unatembea kwenye waya. Kinachoyabana kinaweza kuwa hatua ya mtu, upepo au mtikisiko wa mashine.

Volti zake zinaweza kufika mamia, lakini mkondo wake ni mdogo mno. Kwa hiyo tusidanganyane: hautaendesha redio usiku kucha. Unakofaa zaidi ni kwenye vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima joto, mguso au unyevu.

Unyevu ni neno ambalo mkulima wa mahindi analijua. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hutoa sumu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Maabara mbalimbali duniani zimejaribu vihisi ambavyo ukivigonga kwa kidole, umeme unaotoka hubadilika kulingana na unyevu uliopo, bila betri yoyote. Kitu cha namna hiyo, kikiwa cha bei nafuu, kingekuwa na kazi ghalani.

Kikwazo ni malighafi

Tabaka linalovuta chaji vizuri mara nyingi hutengenezwa kwa Teflon au silikoni. Teflon haiozi. Tukiweka vihisi vya Teflon kwenye kila gunia, tutakuwa tumeondoa betri shambani na kupanda plastiki mahali pake.

Watafiti wamegeukia selulosi, wanga, hariri, na kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Selulosi tunayo tele: imo kwenye mabua, magunzi na maranda tunayoyachoma kila msimu. Mwaka 2016 watafiti nchini China walionyesha kifaa cha aina hii kilichowekwa ndani ya mwili wa panya, kikafanya kazi yake na kisha kuyeyuka.

Lakini malighafi nyingi zinazooza kirahisi hunyonya maji kirahisi pia, na unyevu hupoteza chaji. Masika ya huku kwetu yangeisumbua. Ukiipaka plastiki ili isilowe, umerudi ulikotoka. Hata ile plastiki inayotokana na wanga wa mahindi, iitwayo PLA, huhitaji joto la karibu nyuzi 60 la mitambo maalumu ya mboji ili ioze upesi. Ukiitupa shambani inaweza kukaa miaka. Na nyuma ya matabaka hayo metali bado ipo.

Tulikwishapita njia hii

Juni 1, 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ikaja mifuko mbadala, na wengi tukafurahi. Lakini mingi ya hiyo mbadala ni polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Baadaye mamlaka zililazimika kuwabana wauzaji wa mifuko myembamba isiyofikia kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Tuliridhika na neno “mbadala” bila kuuliza imetengenezwa kwa nini.

Tusirudie. Bidhaa mpya zikipanda barabara ya Mpemba au kuvuka kutoka Chitipa zikiwa na maandishi “rafiki wa mazingira”, tuulize, na tuwatake TBS na NEMC waulize pia: inaoza kwa muda gani katika udongo wa kawaida? Sehemu gani yake haiozi? Na hiyo isiyooza, nani ataichukua?

Swali hilo la mwisho halisubiri teknolojia ya kesho. Linahusu betri zilizopo nyumbani leo. Kwa sasa, msikilizaji wetu, usizichome na usiziache kwenye mvua. Ziweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na watoto, huku tukiendelea kuuliza zipelekwe wapi.