Safari ya maji na watoto, sehemu ya 6: Usimlaze mtoto kwa dawa ili mvuke

Leo tuko sehemu ya 6. Ile ya 5 ilihusu chakula cha njiani, na baada yake mmekuja inbox wengi na swali moja, karibu maneno yaleyale: “Nesi, nimpe mtoto dawa gani alale mpaka Nyamisati?”

Jibu langu ni fupi. Usimpe. Maelezo ndiyo marefu, na inabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nesi mgeni hapa Mafia, na mwanangu wa kwanza ana mwaka mmoja na miezi minne. Gati hizi mnazoziona Kilindoni na Nyamisati hazikuwepo. Ulikuwa unaingia majini mpaka mapajani, au unabebwa mgongoni na vijana, ndiyo unapanda boti. Tuliondoka usiku kwa sababu tulisubiri maji yajae. Jirani aliniambia mtoto atakusumbua, mpe nusu kidonge cha Piriton. Mimi mwenye sare na cheti ukutani nikampa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, fundo mbili, kisha jaketi la kuokolea nikalivaa juu yetu wote wawili. Nilijiona nimejipanga kweli.

Katikati ya maji injini ikazima. Ulikuwa msimu wa kusi. Boti isiyo na injini inageuka ubavu, na mawimbi yanaipiga hapohapo ubavuni. Maji yakaanza kuingia. Nahodha akasema kila mtu ashike mwanawe. Nikamwita mwanangu, hakuitika. Nikamtikisa, shingo ikalegea. Nikataka kumleta mbele, fundo limelowa na vidole vinatetemeka, halifunguki. Mama mmoja wa Jibondo aliyekaa pembeni yangu alitoa kisu chake cha samaki akaikata ile kanga. Hakusema neno. Nilimpakata mwanangu nikaanza kuhesabu pumzi zake gizani, mkono kifuani kwake, mpaka injini ikawaka tena. Sijui ilichukua dakika ngapi. Tulifika salama, mtoto akalala mpaka mchana, na leo ni kijana mrefu anayenicheka nikiisimulia.

Mimi siicheki.

Sasa tuongee kama watu wazima. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na sisi tumeigeuza athari kuwa ndiyo kazi yake. Phenergan ndiyo mbaya zaidi: haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi mpaka ikakatika. Halafu fikiria, mtoto aliyelewa usingizi akitapika amelala chali. Mwenye akili zake angekohoa, angegeuka, angelia ukamsikia. Huyu hafanyi hata kimoja. Na ikitokea dharura unaye mtoto asiyeweza kukushika shingo.

Tena niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: watoto chini ya miaka 2 ni nadra kulevywa na bahari. Wanaosumbuka zaidi ni kuanzia hapo mpaka kama miaka 12, na sisi wanawake, hasa wajawazito. Sasa huyo mchanga wako analia nini? Analia joto. Umemvika sweta, soksi na kofia ya sufi, umemfunika na shuka juu, na umekaa karibu na injini inayotoa moshi wa dizeli. Hata mimi ningelia. Mvue. Mvalishe pamba nyepesi, mtafutie kivuli na upepo, mnyonyeshe mara kwa mara, mbadilishe akilowa. Aliye chini ya miezi 6 usimpe maji hata jua liwe kali vipi, ziwa lako lina maji ya kumtosha. Akilia bado, alie. Abiria watakuangalia vibaya kwa saa nne, basi. Mtoto anayelia anapumua.

Wakubwa kidogo wanaolewa kweli, wakalishe katikati ya boti, sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Mbele kabisa panarusha. Waangalie mbali, mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, au miti ya nchi kavu ikianza kuonekana. Simu yenye katuni weka mkobani, kuinamia kioo kidogo ndiko kunakoharibu kabisa. Kabla ya safari wape chakula chepesi, mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, siyo chapati za mafuta na maharage. Tangawizi inawasaidia baadhi. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha mpe maji ya ORS kijiko kwa kijiko. Pakiti moja ya ORS ni kwa lita moja ya maji safi, usiikoroge kwenye kikombe. Na kama mwanao hulewa sana kila safari, njoo kliniki wiki moja kabla, tumpime uzito tuone kama kuna dawa inayomfaa. Hiyo ni dawa ya kichefuchefu na tutaijadili kwa umri na kilo zake. Kidonge cha jirani cha kumzimisha ni habari nyingine.

Nakuja kwenye kanga. Hapa najua nitagombana na mama zetu.

Kumbeba mtoto mgongoni nchi kavu sina neno, na mimi nimebebwa hivyohivyo. Lakini majini jaketi linafanya kazi ya kukulaza chali, uso wako ukiwa juu upumue. Wewe ukilala chali, aliyefungwa mgongoni yuko wapi? Yuko chini yako, ndani ya maji. Umeokoka na umemzamisha. Nilichofanya mimi usiku ule, kumfunga mtoto halafu kuvaa jaketi juu yake, ndicho hicho hasa. Boti ikishaanza safari mlete mbele, mpakate, kanga iwe mabegani tu bila fundo.

Na jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Nimeona mara nyingi mno, katoto ka miaka mitatu kamevalishwa jaketi la baba yake, kanatembea kama kobe, watu wanapiga picha. Akiingia majini lile jaketi linapanda juu, yeye anateleza kutokea chini. Jaribu hivi: mvalishe, funga kamba zote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likifika masikioni, siyo saizi yake. La mtoto linatakiwa liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Kwa hiyo maoni yangu, na nayasema nikijua kuna watakaonuna: boti isiyo na jaketi la saizi ya mwanao haina nafasi ya mwanao. Hata kama viti viko wazi. Uliza kabla ya kulipa nauli. Siyo ukiwa umeshakaa, kwa sababu ukishalipa na mizigo imepakiwa utaona aibu kushuka.

Aibu hii nimeitafakari sana. Sisi tukienda sokoni tunabishana na muuza nyanya dakika kumi kwa shilingi mia mbili. Tukifika bandarini na watoto watatu, kimya. Hatutaki kuitwa wajuaji. Nahodha ni shemeji wa fulani, anayekata tiketi ni mtoto wa jirani, basi unaona kuuliza habari ya jaketi ni kama kumtukana. Na yule wa kusema “mbona wazee walivuka kwa majahazi bila jaketi?” hakosekani. Ni kweli walivuka. Ila waliofika ndio waliotuzaa, wasiofika hawakuacha wajukuu wa kusimulia.

MV Bukoba ilizama Mei 1996. Spice Islander, Septemba 2011, ikienda Pemba. MV Skagit, Julai 2012, ikitoka Dar kwenda Unguja. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101 na waliokufa peke yao walizidi 200. Sitaji haya ili muogope bahari, mimi bado navuka na nitavuka. Nataja kwa sababu kila mara swali la kwanza huwa ni lilelile: walikuwemo wangapi? Na wanaosahaulika kwenye hesabu ni watoto wa kupakatwa, kwa kuwa hawakatiwi tiketi. Hakikisha jina la mwanao limeandikwa kwenye orodha, jina kamili, hata kama halipiwi. Simama hapo mpaka uone kalamu inatembea.

Ukiweza kuchagua, subiri kivuko cha MV Kilindoni, ni kikubwa na kinatulia kuliko boti ndogo. Wenye uwezo wa ndege nawatakia safari njema. Kwa boti ndogo, vuka mchana. Na miezi ya kusi ikivuma, hasa Juni mpaka Agosti, usipange safari ya siku moja kwamba lazima urudi kesho kwa sababu kuna harusi. Bahari ikichafuka, harusi itakuwa na picha utaangalia.

Wajawazito nitawaandikia sehemu ya 7 peke yao. Kwa leo shika hili moja: kama ulishafanyiwa upasuaji, au una mapacha, au uliambiwa mtoto amekaa vibaya, uliza kliniki mapema utajifungulia wapi. Kama ni ng'ambo, vuka wiki kadhaa kabla, uchungu usikukute unasubiri maji yajae.

Nimeulizwa pia bei. Najua jaketi la mtoto siyo hela ndogo, na unavuka mara mbili tu kwa mwaka. Sisi kwenye kikoba chetu tulichanga tukanunua mawili, moja la mtoto mchanga na moja la miaka mitatu na kuendelea. Anayesafiri anaazima, anarudisha limesuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini, chumvi isile kamba. Mtaa wenu mnaweza kufanya hivyohivyo.

Na kwa kuwa wana kikoba wengi mnanisoma hapa: lile dogo la njano limeondoka tangu Jumamosi na halijarudi. Aliyenalo ajitahidi kulileta kabla ya Alhamisi jioni, kuna mwenzetu anavuka Ijumaa na binti wa miezi minane.